Saa za kronografu za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapenzi wa saa wa Tanga

Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Richard Hindorf alileta mkonge nchini. Tangu hapo maisha ya mji huu yamekwenda kwa ratiba: treni, zamu za mashambani, meli za bandarini. Ndiyo maana saa za zamani bado zinaonekana huku kwetu, mikononi mwa wazee, mezani kwa mafundi na kwenye masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu mwenyewe afariki. Ukurasa huu unajibu maswali kuhusu aina moja tu ya saa hizo, ile yenye vitufe viwili ubavuni.

Saa ya kronografu ni ipi hasa?

Ni saa inayokuonyesha wakati kama saa nyingine, na pia inakupimia muda wa jambo lolote unalotaka. Ubavuni, juu na chini ya kile kichwa cha kutilia ufunguo, pana vitufe viwili. Bonyeza cha juu, mshale mrefu wa katikati unaondoka. Bonyeza tena, unasimama. Bonyeza cha chini, unarudi sifuri. Muda wote huo saa yenyewe haikatizi mwendo wake.

Ndani ya uso utaona viduara vidogo viwili au vitatu. Kimoja huwa cha sekunde za kawaida, kingine kinahesabu dakika ulizopima, mara nyingi mpaka 30, na cha tatu kikiwapo kinahesabu saa mpaka 12. Tunaposema “ya zamani” hapa, tuna maana ya saa ya springi, isiyo na betri, iliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 au hapo karibu.

Mshale mrefu wa katikati hauondoki. Saa imekufa?

Si lazima. Mshale huo kazi yake ni kungoja. Hauendi mpaka ubonyeze. Tazama kiduara kidogo cha sekunde: kikizunguka, saa ni nzima. Isipokuwa Seiko 6139, kronografu ya Kijapani, ambayo haina kiduara hicho kabisa. Hiyo ukitaka kujua kama ipo hai, iweke sikioni au bonyeza kitufe cha juu. Kuna watu wameuza saa nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu tu hawakubonyeza.

Nani aliibuni?

Mfaransa Louis Moinet alikamilisha kifaa cha kupima sehemu ndogo sana za sekunde mwaka 1816, akakitumia kwenye kazi zake za kutazama nyota. Mfaransa mwingine, Nicolas Rieussec, mwaka 1821 alipima mbio za farasi jijini Paris kwa chombo kilichodondosha wino juu ya uso unaozunguka. Kutoka hapo mpaka saa ya mkononi yenye vitufe viwili ni safari ya zaidi ya karne. Kitufe cha pili, kinachorudisha mshale sifuri peke yake, kililetwa na kampuni ya Uswisi ya Breitling mwaka 1934, na saa tunazozikusanya leo nyingi zimefuata mpangilio huo.

Simu yangu inapima mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Hii ya nini tena?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na linastahili jibu la kweli. Kwa kupima tu, simu inashinda. Hakuna ubishi hapo.

Ila saa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya mtu fulani, na kazi hiyo imeandikwa usoni mwake. Ukishika kronografu ya miaka ya 1950 yenye kipimo cha mapigo ya moyo, umeshika chombo cha daktari. Yenye kipimo cha mwendo ni ya dereva au msaidizi wake anayesoma ramani. Mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na enzi hizo aliyekaa kiti cha pembeni alihesabu sekunde kwa saa ya springi huku vumbi limejaa garini. Mwamuzi wa mpira alikuwa nayo, rubani alikuwa nayo, mpiga mbizi alikuwa nayo. Mikwaruzo ya vitufe inaonyesha mahali kidole gumba kilipozoea kukaa kwa miaka.

La pili ni lile bonyezo lenyewe. Kwenye kioo cha simu unagusa picha ya kitufe. Kwenye kronografu nzuri unasukuma chuma mpaka kinakubali, unasikia mlio mdogo wa kukaza, na mashine iliyokuwa imelala inaamka kwa nguvu ya kidole chako. Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa utamu wa kuanza kuhesabu upya. Saa zetu tangu hapo zinaanza jua linapochomoza, hatusubiri usiku wa manane. Kronografu inakupa ruhusa hiyohiyo ya kusema “hesabu ianzie hapa” mara nyingi upendavyo kwa siku.

Na la tatu, inatengenezeka. Saa ya mwaka 1948 ikifunguliwa leo na fundi anayejua, itarudi kazini.

Ndani inafanyaje kazi?

Twende taratibu, maana uzuri wake mwingi umejificha chini ya kifuniko.

Saa ya kawaida ina springi iliyokunjwa ndani ya ngoma yake, mlolongo wa magurudumu yenye meno, na gurudumu la kusawazisha linaloyumba huku na huku kuruhusu nguvu itoke kidogokidogo. Kronografu inachukua mashine hiyo na kuiwekea nyingine juu yake, ikiwa imesimama. Ukibonyeza kitufe, mkono mwembamba unasogeza gurudumu dogo linalozunguka muda wote mpaka meno yake yashikane na meno ya gurudumu lililosimama. Yakishikana, mshale unaondoka. Katika saa nyingi za zamani utauona ukiruka kidogo unapoanza. Ni meno yanatafutana, wala si ubovu.

Nani anatoa amri? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni gurudumu la nguzo: kigurudumu chenye vijiguzo vilivyosimama wima kama boma dogo, kila bonyezo linakisogeza hatua moja, na mikono yote ya mashine inaangukia kati ya nguzo au inapanda juu yake. Ni kazi ngumu kuitengeneza, na bonyezo lake ni laini. Mashine ziitwazo Valjoux 72, Venus 175, Omega 321 na Longines 13ZN ya mwaka 1936 ni za namna hii. Njia ya pili ni kamu, kipande cha bapa kilichokatwa kwa umbo maalumu kinachosukumwa mbele na nyuma. Ni rahisi kukitoa kiwandani kwa wingi, bonyezo lake ni gumu zaidi, na kinavumilia. Valjoux 7733 na ndugu zake, Omega 861 na Valjoux 7750 zinatumia kamu. Wakusanyaji wengi hudharau kamu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kamu ndiyo iliyofanya mtu wa kipato cha kawaida amiliki kronografu.

Kisha kuna lile jambo la kurudi sifuri. Umewahi kujiuliza inakuwaje mshale ulio kwenye sekunde ya 7 na ulio kwenye sekunde ya 52 wote wanarudi mahali pamoja kwa bonyezo moja, tena papo hapo? Kwenye mhimili wa mshale pamefungwa kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Ukibonyeza kitufe cha chini, nyundo ndogo inakigonga ubavuni. Moyo ukigongwa popote pale hauna namna ila kuteleza ugeuke mpaka nyundo ikae kwenye lile bonde lake, na bonde limepangwa lilingane na sifuri. Wazo hilo alilisajili Adolphe Nicole mwaka 1844. Hakuna hesabu inayofanyika mle ndani, ni umbo tu linalojua njia ya kurudi. Ukipata nafasi ya kuona fundi akifungua kifuniko, mwombe akuonyeshe nyundo hiyo ikipiga.

Yale maandishi na namba zinazozunguka uso ni za nini?

Hizo ndizo zinakuambia saa ilikusudiwa kazi gani. Nne ndizo utakazokutana nazo sana.

Takimita inapima mwendo kasi. Ukiwa kwenye basi linalotoka Tanga kwenda Segera, anza kupima kwenye nguzo moja ya kilomita, simamisha kwenye nguzo inayofuata, kisha soma namba ambayo mshale umeielekea. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa, sekunde 45 ni 80, sekunde 36 ni 100. Hesabu yake ni 3,600 gawanya kwa sekunde ulizopata. Kwa kuwa basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, mshale ukisimama kabla ya sekunde 45 unajua dereva amevuka.

Telemita inapima umbali kwa sauti. Zilipendwa na wanajeshi wa mizinga, ila mvua za masika zikija kutoka baharini utazipatia matumizi ya amani. Bonyeza unapoona umeme wa radi, simamisha unaposikia ngurumo. Sauti inakwenda kilomita moja kwa kama sekunde tatu hivi, na uso umekwisha kukufanyia hesabu hiyo.

Kipimo cha mapigo kimeandikwa “mapigo 30” au “mapigo 15” kwa lugha ya kiwanda. Shika mshipa wa mgonjwa, anza, hesabu mapigo hayo, simamisha. Namba iliyo mbele ya mshale ni mapigo kwa dakika.

Nyingine ni za michezo. Zipo zenye kihesabu cha dakika 45 kwa ajili ya kipindi cha mpira. Ukivaa yenye kihesabu cha dakika 30 Mkwakwani, kumbuka kipindi kimoja ni mzunguko mmoja na nusu. Heuer Skipper ya mwaka 1968 ilikuwa na kihesabu cha dakika 15 chenye rangi za kugawa dakika tano tano kwa waanzishaji wa mashindano ya mashua, na wenye ngalawa wakiamua kushindana kwa haki, hiyo ndiyo saa yao.

Inapima kwa usahihi gani?

Inategemea mashine inapiga mara ngapi. Nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa sekunde, kwa hiyo mshale unasogea kwa hatua za sehemu ya tano ya sekunde. Omega 861 inapiga 21,600, hatua ya sehemu ya sita. Valjoux 7750 ni 28,800, sehemu ya nane. Zenith El Primero inapiga 36,000, sehemu ya kumi.

Mfano wetu wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiwa ameongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. John Walker wa New Zealand alifika nyuma yake kwa dakika 3 na sekunde 32.5. Tofauti yao ni sehemu tatu za kumi. Kwenye saa ya mapigo 18,000 hiyo ni hatua moja ya mshale, au mbili, kutegemea kidole chako. Ndipo unapoelewa kwa nini viwanda vilipigana kupata mapigo mengi zaidi. Na mwendo wa Bayi siku hiyo, ukiugeuza, ni zaidi ya kilomita 25 kwa saa kwa miguu yake mwenyewe.

Ni kweli kuna kronografu iliyofika mwezini?

Kweli kabisa. Ni Omega Speedmaster, iliyotoka mwaka 1957 ikiwa ni saa ya madereva wa mashindano. NASA walipotaka saa ya wanaanga walizijaribu saa za kampuni kadhaa: joto la nyuzi 71 kwa saa 48 kisha 93 kwa nusu saa, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mitikisiko, unyevu, ombwe. Tarehe 1 Machi 1965 Speedmaster ikapitishwa. Julai 1969 Buzz Aldrin alitembea nayo mwezini. Neil Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu saa ya chombo ilikuwa na hitilafu.

Mimi hunivutia zaidi habari ya Apollo 13, safari ya mwezini iliyoharibikiwa njiani, Aprili 1970. Umeme ulikuwa wa kubana, vyombo vingi vimezimwa, na njia ya kurudi duniani ilihitaji kurekebishwa kwa kuwasha injini sekunde 14 tu. Sekunde hizo zilipimwa kwa kronografu ya mkononi, iliyotiwa ufunguo kwa vidole. Hii ndiyo sababu bei za Speedmaster za zamani zimepanda, na kwa mara moja bei imefuata kazi.

Kwa nini mwaka 1969 unatajwa sana?

Kwa sababu mpaka hapo kila kronografu ilitiwa ufunguo kwa mkono. Kutengeneza inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, tena yenye mashine mbili zilizopandana, kuliwashinda wote. Mwaka huo makundi matatu yakafika karibu pamoja. Zenith walitangaza El Primero tarehe 10 Januari. Heuer, Breitling, Hamilton-Buren na Dubois Dépraz walionyesha Calibre 11 tarehe 3 Machi, na ukiona saa ya miaka hiyo ina kichwa upande wa kushoto, mara nyingi ni hiyo. Seiko nao, bila kelele, walikuwa wakiuza 6139 Japani kufikia Mei. Nani wa kwanza? Wapenzi wa saa wanabishana mpaka leo.

Kilichofuata kinauma. Tarehe 25 Desemba ya mwaka uleule Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, inayoendeshwa na betri. Ndani ya miaka michache betri ikazisomba saa za springi. Mwaka 1975 wamiliki wa Zenith, kampuni ya Marekani, waliamuru uzalishaji wa mashine za springi usimame. Fundi mmoja wa kiwanda cha Le Locle, Charles Vermot, akapandisha darini vifaa vya kutengenezea El Primero, akavipanga na kuandika kila kimoja ni cha nini. Miaka ya 1980 mahitaji yaliporudi, vilikuwepo. Mashine hiyo ndiyo iliyotumika ndani ya Rolex Daytona kuanzia 1988 mpaka 2000. Ukivaa El Primero unavaa kazi ya mtu aliyekataa kuutupa ujuzi wake.

Naanza. Ninunue ipi?

Seiko 6139, kama unaipata haijachezewa. Ina gurudumu la nguzo, na ushikaji wake ni wa wima, yaani sehemu zinabanana juu kwa chini badala ya meno kutafutana, kwa hiyo mshale hauruki na unaweza kuuacha ukizunguka kutwa bila kuila mashine. Mwanaanga William Pogue alikuwa nayo moja yenye uso wa njano kwa siku 84 ndani ya Skylab, kituo cha anga cha Marekani, 1973 mpaka 1974. Kumbuka haitiwi ufunguo kwa kichwa. Itikise kidogo, kisha uivae.

Poljot 3133 ya Umoja wa Kisovieti, iliyoanza 1976 Moscow kwa mitambo ya Valjoux 7734, ni ngumu, inatiwa ufunguo, na bei yake bado ni ya kiungwana. Tatu, za Uswisi zenye majina yasiyovuma ila ndani mna Valjoux 7733, Venus 188 au Landeron 48. Jina la usoni lisikutishe, fungua utazame mashine.

Kama bado unaogopa kugusa ya zamani, kiwanda cha Tianjin, China, kilinunua mitambo ya Venus 175 kutoka Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wajukuu wa mashine hiyo bado wanatengenezwa, gurudumu la nguzo likiwepo. Si ya kale, lakini kidole chako kitajifunza.

Nitaitambuaje feki au iliyochezewa?

Feki tupu si tatizo kubwa kwa saa hizi. Tatizo ni saa iliyounganishwa vipande: bodi ya moja, uso wa nyingine, mishale ya tatu. Na uso uliopakwa upya. Seiko nyingi zinazokuja kutoka India zimepakwa rangi za kuvutia ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa. Chukua lenzi. Maandishi ya kiwanda yana kingo kali na nafasi sawa, ya kupakwa upya yamevimba au yamepinda, na mistari ya viduara haikutani vizuri.

Kwa Seiko soma namba ya nyuma: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Saa yenye namba inayoanza na 71, kwa mfano, ni ya Januari 1977, kwani 6139 haikuwepo 1967. Ikiwa uso ni wa toleo la mwanzo na namba ni ya mwisho wa muongo, uliza maswali.

Kisha ijaribu mbele ya muuzaji. Anzisha, simamisha, rudisha, mara kadhaa. Mshale urudi sifuri kamili, usibaki pembeni. Iache iende dakika 30 nzima na utazame kila dakika inahesabiwa. Muuzaji anayekuharakisha kabla ya nusu saa kwisha, mwachie saa yake. Ukinunua kutoka nje kwa mtandao, weka ushuru wa forodha kwenye hesabu yako kabla ya kutuma hela.

Niing’arishe ipendeze?

Hapana. Tafadhali.

Bodi ya saa ilikatwa kwa kingo na pembe zake, sehemu nyingine ikapigwa msasa laini, nyingine ikang’arishwa. Mashine ya sonara inafuta yote hayo kwa dakika chache, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mikwaruzo ndiyo ushahidi wa kazi iliyofanyika, na mkusanyaji anayejua hulipa zaidi kwa saa yenye mikwaruzo na pembe zake kuliko iliyolainishwa ikawa duara. Uso uliobadilika kutoka mweusi kuwa wa kahawia kwa jua nao usipakwe.

Kioo ni jambo jingine. Vioo vingi vya enzi hizo ni vya plastiki, na mikwaruzo midogo inaondoka kwa kusugua na kitambaa na dawa ya meno. Kioo kilichopasuka kibadilishwe mara moja, maana pale ndipo maji yanapoingilia.

Hewa ya Tanga inaiathiri?

Sana. Unyevu na chumvi ni adui wa chuma chembamba. Raba za kuzuia maji za saa ya miaka 50 zimekauka, hata kama nyuma pameandikwa inahimili maji.

Ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vyenye chembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikichoka. Jasho lifute kila jioni. Mkanda wa ngozi unaoza haraka huku kwetu, vaa wa nailoni kwa siku za kawaida. Isilale juu ya spika wala karibu na simu, sumaku ikiingia saa itakimbia dakika nzima au zaidi kwa siku. Fundi huiondoa sumaku hiyo kwa kifaa rahisi.

Kwa saa yenye tarehe, usiibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya tarehe yanakuwa yameshikana.

Naweza kuogelea nayo Raskazone?

Hapana. Na vitufe visibonyezwe ikiwa imelowa.

Nimpelekee fundi gani?

Mafundi saa wapo mjini, ila wengi sasa wanaishi kwa betri na mikanda. Ulizia mzee aliyejifunza kwenye saa za ufunguo. Muulize kwa heshima kama amewahi kufungua kronografu na kuirudisha, si kuifungua tu. Muulize mafuta anaweka wapi. Fundi mzuri atakuambia kwamba mihimili inataka tone dogo, kila sehemu na mafuta yake, na meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kabisa. Anayesema atailowesha yote kwa mafuta ya cherehani, mshukuru na uondoke.

Sevisi ifanyike kila baada ya miaka minne au mitano ukiivaa. Gharama yake yaweza kulingana na bei uliyonunulia, hivyo iweke kwenye hesabu mapema. Kama huku hupati mtu, ni heri saa isubiri safari ya Dar es Salaam au Mombasa kuliko kuvunjwa springi ndogo ambayo haiuzwi tena popote.

Nasikia zinang’aa gizani kwa sababu ya sumu. Ni kweli?

Za kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilipakwa radiamu, inayochukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Rangi yenyewe imeshakufa haiwaki, lakini mionzi ipo. Ikiwa imefungwa na kioo kizima, hatari kwa mvaaji ni ndogo. Hatari kubwa ni vumbi lake, kwa hiyo usiifungue nyumbani, usiikwangue, na watoto wasiichezee. Baadaye viwanda vilihamia tritiamu, dhaifu zaidi, inayopungua nusu kwa miaka kama 12, na saa hizo zina herufi T chini ya uso pembeni ya jina la Uswisi. Mwambie fundi kabla hajaifungua.

Ni za wanaume tu?

Sivyo. Kronografu za miaka ya 1940 nyingi zina upana wa milimita 35 mpaka 38 na hukaa vizuri kwenye mkono wowote.

Ni uwekezaji mzuri?

Tarehe 26 Oktoba 2017 jijini New York, Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa dola 17,752,500. Mkewe alikuwa ameichonga nyuma maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Saa zenye uso wa aina hiyo zilipokuwa mpya zilikaa dukani bila wanunuzi.

Habari hiyo imewapoteza wengi. Iliyouzwa pale ilikuwa saa ya mtu mmoja, yenye maneno ya mkewe na miaka aliyoivaa akiendesha magari ya mashindano. Saa yako na yangu haziendi huko. Nunua kwa hela ambayo ada ya mtoto haiihitaji, nunua iliyo nzima kuliko yenye jina, na ukiiuza siku moja ukarudishiwa hela yako umefanya vizuri.

Nimerithi kronografu ya babu, haiendi. Nifanye nini?

Usiitie ufunguo kwa nguvu na usiifungue. Mafuta ya ndani yameshakuwa gundi, na kulazimisha kunavunja meno. Usibonyeze vitufe kama ni vigumu. Usiioshe.

Kabla ya kwenda kwa fundi, kaa na bibi, shangazi au yeyote anayemkumbuka, umuulize babu aliipata wapi, alikuwa akifanya kazi gani, na aliitumia kupimia nini. Andika, na weka karatasi hiyo pamoja na risiti au boksi kama vipo, hata kama mkanda umekatika uuhifadhi. Piga picha za mbele, nyuma na ubavuni. Mwambie fundi akurudishie kila kipande atakachobadilisha, kiwe mshale, kitufe au kioo, na akuonyeshe mashine ikiwa wazi ili usome jina na namba yake. Ukizipata hizo mbili, utajua ilitengenezwa lini na vipuri vyake vitafutwe wapi.